Kevin Cordón Hakuokotwa Kanisani

Karibu kila aliyeandika habari za Kevin Cordón mwaka 2021 alipitia kanisani. Mchezaji wa mpira wa vinyoya kutoka Guatemala, umri miaka 34, nafasi ya 59 duniani, wakati wa korona alikuwa akifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa huko kwao Zacapa, na ghafla huyo yuko nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo. Kijiji, kanisa, muujiza. Nimezisoma habari hizo nyingi na ninakiri zinasisimua kwa dakika tano. Baada ya hapo zinaniudhi, kwa sababu ninazisoma nikiwa Ushirombo, na hapa ukumbi wa kanisa hauna maana ile waliyoikusudia waandishi.

Tuanze na kinyoya chenyewe. Kwa mujibu wa sheria za mchezo kina manyoya 16 na uzito wa kati ya gramu 4.74 na 5.50. Sisi wa ukanda wa dhahabu tunajua gramu tano ni kitu gani. Tunajua pia kwamba mzani wa kupimia vitu vya uzito huo hauwekwi mbele ya feni. Sasa chukua kinyoya ukipige nje, mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limeshika kasi: kitatua ng'ambo ya barabara, kwenye malori yanayokwenda Rwanda. Mchezo huu hauhitaji nyasi wala lami. Unahitaji kuta zinazozuia upepo na dari ya juu kiasi kwamba kinyoya kikipigwa juu kisiguse kitu. Katika mji mdogo, nani ana jengo la namna hiyo? Huku kwetu, ambako misheni ya Kikatoliki ilianza tangu karne ya 19, jibu halihitaji utafiti.

Kwa hiyo waandishi walipoandika "ukumbi wa kanisa" wakitaka tuone ufukara, mimi niliona dari. Halafu wakataja, kwa haraka, kama kitu cha pembeni, kwamba kocha wake ni Muamar Qadafi, raia wa Indonesia (jina ni lilelile, mtu ni mwingine). Indonesia! Ni sawa na mchezaji wa ndondo wa Runzewe kufundishwa na kocha aliyetoka Brazil. Dari na kocha: vitu viwili ambavyo upande huu sijawahi kuviona vikikaa pamoja kwenye mchezo wowote wa ndani. Ukiviondoa hivyo kwenye maelezo, kinachobaki lazima kiwe muujiza.

Kingine kinachoondolewa ni miaka. Cordón alizaliwa 1986. Baba yake alipenda soka, akampa jina la Kevin Keegan. Akiwa bado mtoto aliondoka nyumbani kwenda mji mkuu kufuata raketi. Alicheza Olimpiki ya Beijing 2008. Mwaka 2011 alifika robo fainali ya mashindano ya dunia jijini London, na mwaka huohuo akachukua dhahabu ya michezo ya mabara ya Amerika huko Guadalajara. Olimpiki ya 2012 aliingia 16 bora. Mwaka 2015 akachukua dhahabu nyingine, Toronto. Rio 2016 akaumia. Nimeyapanga haya kwenye aya moja fupi kama wanavyofanya wao, na hapo ndipo kosa lilipo: miaka 13 kati ya Beijing na Tokyo inafupishwa iwe utangulizi wa wiki moja.

Kama ningeambiwa nichague mchezo mmoja wa kumweleza Cordón, nisingechagua ule wa robo fainali dhidi ya Heo Kwang-hee wa Korea Kusini, ingawa ndio uliopigwa picha zaidi. Ni kweli Heo alikuwa amemtoa Kento Momota, namba moja wa dunia, na ni kweli Cordón alimfunga kwa seti mbili, 21–13 na 21–18. Ningechagua ule wa kabla yake, hatua ya 16 bora, dhidi ya Mark Caljouw wa Uholanzi. Alishinda seti ya kwanza 21–17. Seti ya pili alifungwa 21–3. Soma tena: tatu. Kisha akashinda ya tatu 21–19.

Simulizi ya muujiza haina mahali pa kuiweka hiyo tatu. Mtu aliyeshukiwa na baraka hafungwi hivyo. Lakini kwa mtu ambaye ameishi na mchezo huu kwa zaidi ya miaka ishirini, seti hiyo inaeleweka kabisa. Pointi za seti ya pili hazihamii ya tatu. Ukipoteza kwa 3 au kwa 19 ni kupoteza kulekule. Kijana wa miaka 20 angekimbiza kila kinyoya kwa aibu na kuingia seti ya mwisho miguu imekufa. Sijui kichwani mwa Cordón kulikuwa na nini, na sidai kwamba aliiachia makusudi. Ninachosema ni kwamba kufungwa hivyo mbele ya dunia kisha kurudi na kushinda kwa tofauti ya pointi mbili ni ufundi wa mzee wa kazi, na ufundi huo hauokotwi kanisani wakati wa korona.

Sisi Watanzania tunapaswa kuwa wa kwanza kuligundua kosa hili, maana tumefanyiwa, na tukalipokea kwa makofi. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka kwenye mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Filamu za Bud Greenspan zikaifanya picha ya bandeji ile ijulikane dunia nzima, pamoja na kauli yake kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza. Tunaifundisha mashuleni, tunaiweka kwenye hotuba.

Waulize hao wanaohutubia Akhwari alifanya nini mwaka 1970. Alikwenda Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola na kumaliza wa tano kwenye marathoni, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Huyo ni mkimbiaji hasa. Lakini wa tano hana bandeji wala medali, kwa hiyo hana filamu. Cordón amegeuzwa muujiza, Akhwari amegeuzwa mtakatifu wa kushindwa, na wote wawili wamenyang'anywa kitu kilekile, yaani kazi ya siku zote nyingine. Wachezaji wa nchi kubwa hawatendewi hivi. Viktor Axelsen alipomfunga Cordón kwenye nusu fainali, hakuna aliyeuliza Mdenmaki huyo alitokea wapi. Ilichukuliwa kwamba anatoka kwenye mfumo.

Na "nchi ndogo" maana yake nini? Guatemala ina watu takribani milioni 17. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61. Kwenye mpira wa vinyoya sisi ndio wadogo. Jirani zetu Uganda walimpeleka Edwin Ekiring Beijing 2008, Olimpiki ileile ya kwanza ya Cordón, na ukimtafuta mara nyingi utapata mstari mmoja tu: aliishia raundi ya kwanza. Natamani mtu wa Kampala aandike kurasa kumi juu ya njia yake ya kufika kwenye mstari huo, kwa sababu hizo ndizo kurasa ambazo mtoto wa Bukombe mwenye raketi anaweza kuzitumia. Muujiza hautumiki. Huku tunaujua vizuri, kwenye maduara: fulani katoboa, kanunua gari, kajenga. Nani alikuwa akilisha watu wa duara lile miaka minne bila kupata kitu, hakuna anayesimulia, na kila msimu vijana wapya wanaingia chini wakiwa na nusu ya hadithi.

Tokyo iliisha kwa Cordón kufungwa na Anthony Ginting, wa Indonesia kama kocha wake, kwenye mchezo wa kugombea shaba. Waandishi wakaondoka. Yeye akaendelea kucheza. Paris 2024, akiwa na miaka 37, aliingia Olimpiki yake ya tano. Mchezo wa kwanza alikutana na Lakshya Sen wa India, akafungwa 21–8, kisha 22–20. Baada ya hapo akajitoa kwa sababu ya kiwiko, na kwa kanuni za hatua ya makundi, mchezaji akijitoa matokeo yake yote hufutwa. Ile 22–20 haihesabiwi.