Tanuru Lizimwe Kwa Nyuzi Ngapi?

Mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, ulichimbwa hadi Desemba 2024, na miongoni mwa madini yaliyotoka humo ni rutili, umbo la titani dioksaidi lililo tulivu kuliko mengine. Watafiti wa seli za jua zinazotumia rangi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kawaida hupendelea anatasi, fuwele nyingine ya titani dioksaidi hiyohiyo, ambayo joto kali huigeuza kuwa rutili. Kwa hiyo kazi yote ya tanuru ni kuchoma vya kutosha, kisha kuacha.

Njia ya kutengeneza seli hizo ilipata umaarufu mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel walipoichapisha. Unga wa chembe za nanomita 20 hivi hukorogwa na viunganishi vya kikaboni hadi uwe rojo. Kioo chenye upande unaopitisha umeme hubandikwa selotepu kingoni, rojo likasawazishwa juu yake kwa kijiti cha kioo, selotepu ikabanduliwa, kioo kikaingia tanuruni.

Joto linapopanda, utando mweupe hugeuka kahawia: kiunganishi kinaungua. Ukikaribia nyuzi 450 za Selsiasi, weupe hurudi. Ukiutoa ungali kahawia, mabaki ya kaboni hubaki ndani. Nusu saa kati ya nyuzi 450 na 500 hushikanisha chembe zilizokuwa zimegusana tu. Hapo utando hauchubuki ovyo, na elektroni hupata njia ya kupita chembe hadi chembe mpaka kwenye kioo.

Mbona usiongeze moto, njia iwe nzuri zaidi? Kwa sababu chembe zikizidi kukua, eneo la uso hupungua, na rangi inayonasa mwanga hukosa pa kushika. Kuanzia nyuzi 600 hivi, kutegemea usafi na ukubwa wa chembe, anatasi huanza kuwa rutili. Na kabla ya kufika huko, kioo cha kawaida huwa kimeshaanza kupinda.

Macho hayatofautishi fuwele hizi mbili. Eksirei inayotolewa na shaba hutofautisha, kwa pembe ambazo fuwele huitawanyia. Kilele kikuu cha anatasi huonekana karibu na digrii 25.3, cha rutili karibu na 27.4. Kikichomoza hicho cha pili, ujue moto umepita kiasi.

Ndiyo maana ripoti inayosema tu "tulichoma kwa nyuzi 450" haimsaidii mwalimu wa kemia wa Giheke, wilayani Rusizi nchini Rwanda, anayetaka kurudia jaribio kwa tanuru dogo. Anahitaji kujua joto lilipandishwa kwa kasi gani, lilikaa muda gani, utando ulikuwa na unene gani, na kioo kiliachwa kipoe taratibu au kilitolewa kikiwa moto, maana kikipoa ghafla hupasuka. Bila hayo, nyuzi zilezile 450 zitampa utando mwingine kabisa.