Sifa za Mkono Mwepesi

Shingo ya binadamu ni finyu mno kwa kazi iliyopewa. Humo humo imepita njia ya hewa, njia ya chakula, mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani na inayoirudisha, tezi za mate juu, tezi ya koo mbele, na mitoki kwa makumi pande zote. Kikivimba kitu hapo hakuna pa kukificha. Jirani hukiona kabla ya mwenyewe, na mgonjwa akifika hospitali uvimbe wake umeshapewa majina yote: rovu, matubwitubwi, jipu, jicho la hasidi. Ninayetaka kumsifu hapa ni yule anayeyapembua majina hayo kwa sauti isiyosikika, yaani mpimaji wa ultrasaundi.

Lakini vidole vilimtangulia, na haki yao lazima itolewe. Shirika la Afya Duniani lina kanuni ya kupima rovu ambayo haihitaji hata betri: kama upande mmoja wa tezi ya koo ni mkubwa kuliko pingili ya mwisho ya kidole gumba, hilo ni rovu. Kidole chenyewe ni cha anayepimwa, si cha daktari. Mtoto hupimwa kwa gumba lake. Nimeipenda kanuni hii tangu nilipoisikia, maana ndani yake kuna adabu: mwili unaulizwa kwa kipimo chake wenyewe.

Kwa kupapasa hivyo, mtafiti Vincent Assey na wenzake walichunguza koo za watoto wa shule Unguja na Pemba, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo yaliyotikisa imani kongwe kwamba watu wa visiwani, waliozungukwa na bahari, hawawezi kupungukiwa na madini joto, upungufu unaoleta rovu. Walipungukiwa, na Pemba zaidi kuliko Unguja. Ukifikiri, si ajabu. Chumvi inayokaushwa juani pwani haina madini joto ya kutosha mpaka iongezewe. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, tangu kilimo hicho kilipoanza kibiashara mwaka 1989, mwingi hupanda meli kwenda kwa wengine. Na muhogo, ambao mimi sitauacha kwa ajili ya makala yoyote, huiongezea tezi taabu pale madini hayo yanapokuwa haba.

Tatizo la vidole ni kwamba rovu dogo huwagawa hata wapimaji wawili wazoefu, na uvimbe uliozama ndani ya tezi hauwaambii kama ni maji au nyama. Hapo ndipo mashine inapoingia. Mpimaji hupima urefu, upana na kina cha kila upande wa tezi, huzidisha vipimo hivyo vitatu kisha kwa 0.479, halafu hujumlisha pande mbili. Kipande chembamba kinachoziunganisha katikati hakihesabiwi. Jawabu huja kwa mililita, na ubishi wa vidole huisha.

Manahodha wa pwani hii walikuwa wakitupa bildi, kamba yenye risasi nchani, kujua kina cha maji wasiyoyaona ndani. Ultrasaundi ni bildi ya sauti: kipimio hutupa mlio, mlio hugonga kitu, mwangwi hurudi, na mashine hukokotoa umbali kutokana na muda uliopita. Ndani ya mwili hesabu hufanywa kwa mwendo wa mita 1,540 kwa sekunde, ambao ni karibu sawa kabisa na mwendo wa sauti katika bahari yenye joto kama hii inayopiga ukuta wa Forodhani. Tofauti ni ukali wa mlio. Sikio la mtu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, ilhali shingo hupimwa kwa milioni kumi hivi. Mlio mkali namna hiyo hauendi mbali, huchoka baada ya sentimita chache, lakini huona kitu kidogo kuliko punje ya mchicha. Kwa tumbo ungekuwa hasara. Kwa shingo, ambako karibu kila kitu kiko chini tu ya ngozi, ndio hasa unaotakiwa.

Kichwa ni habari nyingine. Mwaka 1942 daktari Karl Dussik wa Austria alichapisha jaribio la kupitisha sauti hiyo katika fuvu ili aone vyumba vya maji vya ubongo. Picha alizipata, na watu wakafurahi. Baadaye wachunguzi wengine wakatia fuvu tupu majini, wakapata picha za namna ile ile. Kilichokuwa kikionekana ni unene wa mfupa. Ilibidi sifa ziende kwa Ian Donald na wenzake wa Glasgow, waliochapisha kazi yao mwaka 1958 baada ya kugeukia tumbo, ambako hakuna mfupa wa kuziba njia.

Hata hivyo kuna umri ambao kichwa chenyewe huacha dirisha wazi. Utosi wa mtoto mchanga haujafunga, na mpimaji huweka kipimio kidogo pale panapodunda, akaviona vyumba vya maji vya ubongo kama Dussik alivyotamani. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ile iliyowahi kuitwa V. I. Lenin, kuna taasisi ya upasuaji wa ubongo iliyojengwa kwa ushirikiano na NED Foundation ya Hispania. Kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, kipimo cha utosini hufanyika mama akiwa amempakata, bila mionzi na bila dawa ya usingizi. Dirisha hilo hufunga mtoto akikaribia mwaka na nusu, na halifunguki tena.

Sasa tuingie chumbani. Nje ya chumba cha ultrasaundi foleni karibu yote ni ya wajawazito, na mwanamume mwenye uvimbe wa shingo hukaa kati yao akitazama dari. Ndani kuna giza kidogo, pazia, kitanda. Anaingia bi mkubwa aliyetoka Makunduchi kwa daladala ya alfajiri.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Tuko peke yetu?"

"Peke yetu. Naomba tufungue ushungi kidogo, na mkufu tuuweke hapa."

Mashine bado haijaguswa, na nusu ya kazi imeshafanyika. Shingo ya mwanamke wa Unguja hufunguliwa mbele ya wachache, na mpimaji anayerukia jeli bila kufunga pazia atapata misuli iliyokakamaa na picha mbaya. Mto huwekwa chini ya mabega, si chini ya kichwa, ili koo liinuke. Jeli hupakwa kwa kuwa hewa, hata utando wake mwembamba kati ya kipimio na ngozi, huirudisha karibu sauti yote.

Kisha mkono. Hapa ndipo ninapokosana na wanaosema siku hizi mashine inafanya kila kitu. Kidole cha mwisho cha mpimaji hutia nanga kwenye mfupa wa bega au taya, na uzito wa mkono wote hubebwa na kidole hicho ili kipimio kielee juu ya ngozi. Ukikandamiza, mshipa mkubwa unaorudisha damu hubonyea na kutoweka kwenye kioo, na asiyejua ataandika kwamba haupo. Mwenye ujuzi hutumia kosa hilo hilo kama swali: hubonyeza makusudi, kidogo tu, kuona mshipa upi unalala na upi unaendelea kudunda. Humwambia mgonjwa ajikaze kama anayeinua ndoo, na mshipa ule uliolala hufura. "Meza mate," husema, na tezi ya koo hupanda pamoja na koromeo, ilhali mtoki hubaki mahali pake. "Toa ulimi nje," na kifuko cha maji kilichosalia tangu tumboni mwa mama huvutika kwenda juu. Picha moja iliyogandishwa haina hata kimoja cha hivyo. Mpimaji mzuri huanza na upande mzima, kwa sababu kila shingo ina mpangilio wake, na upande wa pili ndio kamusi yake.

Yupo mgonjwa ambaye chini ya taya huvimba kila akianza kula, na Ramadhani huteseka wakati wa futari, pale ukwaju unapogusa ulimi uliofunga kutwa. Huyo mara nyingi ana jiwe kwenye mrija wa tezi ya mate. Jiwe huonekana kama nukta nyeupe yenye kivuli cheusi nyuma yake. Lisipoonekana, kuna ufundi wa zamani: mpe kipande cha ndimu. Mate yatajaa, mrija utatanuka, na jiwe litajitokeza lenyewe. Ndimu ya sokoni Darajani huweza kufanya kazi ambayo mashine ya mamilioni imeshindwa.

Kwenye mitoki mzaha huisha. Mtoki mzima ni mrefu kiasi, na katikati una weupe pale mishipa inapoingilia. Wenye saratani huelekea kuwa mviringo na kuupoteza weupe ule. Wenye kifua kikuu hupenda kushikamana na wenzake, na moyo wake hufa ukawa karibu mweusi. Nimesema huelekea na hupenda, maana magonjwa haya mawili huigana, na ndugu wa mgonjwa wanaosubiri nje wanaogopa jina moja tu. Hapo hutumwa sindano nyembamba, ikiongozwa na kipimio. Sindano huonekana ikiwa imelala ndani kabisa ya utando wa sauti. Ikipotoka nyuzi chache, kinachoonekana kama ncha ni ubavu wake, na ncha yenyewe iko mahali pengine, pengine karibu na mshipa unaodunda. Mkono mmoja unashika kipimio, mwingine sindano, macho yako kwenye kioo, na mdomo unamwambia bi mkubwa asimeze mate sasa.

Ila ustadi ninaouhusudu kuliko wote ni wa kuona kitu na kukiacha. Korea Kusini, kipimo cha tezi ya koo kilipokuwa rahisi na kuongezwa kwenye uchunguzi wa watu wazima wasiougua chochote, wagonjwa wa saratani ya tezi hiyo waliogunduliwa mwaka 2011 walifikia kiwango mara 15 ya kile cha 1993. Vifo havikubadilika. Wengi walitolewa tezi kwa kijivimbe ambacho kingezikwa nao uzeeni bila kuwasumbua, wakabaki na vidonge vya maisha, na baadhi yao na sauti iliyokwaruza. Mashine hazikudanganya, vile vijivimbe vilikuwapo kweli.

Kwa hiyo mpimaji aliyeombwa kutazama mtoki, akakutana njiani na kijivimbe cha milimita nne ndani ya tezi, yuko kwenye mtihani. Hukitazama: ni cheusi kupita kawaida, kimesimama kwa kina kuliko upana, kingo zake zimechakaa, kina chembe ndogo nyeupe? Kama dalili hizo hazimo, hukitaja kwa mstari mmoja mtulivu, wala hambebeshi mtu safari ya Muhimbili kwa ajili yake. Vipimio vya mkononi vinavyochomekwa kwenye simu vimefika, na ni kheri kubwa kwa Kivunge na Makunduchi, lakini ndani ya boksi hakuna kitu kinachofundisha mstari ule uandikwe vipi.

Na kuna mistari migumu zaidi. Rovu la miaka mingi huteremka nyuma ya mfupa wa kifua, na sauti haipiti pale. Kipimio huinamishwa, mgonjwa huambiwa ameze na kuvuta pumzi, na ukingo wa chini bado hauji. Mpimaji asiyejiamini hukisia kipimo na kujaza nafasi iliyo wazi kwenye fomu. Aliyekomaa huandika kwamba ncha ya chini haikuonekana, koromeo limesukumwa kulia, na picha ya CT ifanywe kabla ya kisu. Daktari wa usingizi, atakayepaswa kupitisha mpira wa hewa katika koo hilo, ataanzia kusoma hapo.