Kibao na Sauti: Lugha ya Makumbusho katika Meru na Embu

Nomino makumbusho, kama ijulikanavyo, imetokana na kitenzi cha kutendesha: kumbuka, kumbusha, makumbusho. Umbo hili lina swali ndani yake, yaani, nani amkumbushaye nani, na amkumbushe nini? Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo katika mji wa Meru, na kwa ufupi katika Embu, kwa sababu makumbusho leo yanatakiwa kufanya kazi ambayo hayakuundiwa.

Nyumba yenyewe yastahili kusomwa kwanza. Makumbusho ya Meru yalifunguliwa mwaka 1974 katika jengo la mawe lililojengwa mnamo 1916, nalo likawa ofisi ya Mkuu wa Wilaya wa serikali ya kikoloni. Raia aliingia humo ili aambiwe: kodi ni kiasi gani, amri mpya ni ipi. Mkoloni aliondoka, na nyumba ikapokea vyombo vya wenyeji. Lakini tabia ya kuambia haikuondoka makumbushoni, si Meru tu bali popote. Imejificha katika kibao. Kibao cha maelezo ni utanzu wa maandishi wenye kanuni zake: sentensi zake ni fupi, hauna nafsi ya kwanza, wakati wake ni “zamani”, na msemaji wake hajulikani. Ajabu ni kwamba wahakiki wetu, ambao wamekwisha kuchambua hata maandishi ya kanga, wameugusa utanzu huu kwa nadra sana.

Maadamu makumbusho yalikuwa mahali pa wanafunzi na wasafiri, upungufu huo haukudhuru sana. Kibuyu kikiitwa kibuyu, nani atateta? Siku hizi mambo ni mengine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyataja makumbusho miongoni mwa shughuli za kaunti, na Agosti 2022, huko Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha fasili mpya inayodai jamii zishirikishwe. Uani kwa Makumbusho ya Meru mna boma la jadi na bustani ya dawa za miti. Vitu hivi humwezesha mzee kusema badala ya kusomewa. Hatua hiyo ni njema. Mtihani mgumu, hata hivyo, uko ndani, katika maelezo ya mila za kumwingiza kijana katika utu uzima, hasa msichana.

Tuchukue mwaka 1956. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, likiungwa mkono na watawala, lilipiga marufuku kutahiriwa kwa wasichana wa Meru. Wasichana wengi walikaidi, wakakatana wenyewe kwa nyembe za dukani, na katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 wakashtakiwa. Je, makumbusho yataonyesha nini hapa? Kisu cha mtahiri wa kale hakiwezi kulisimulia jambo hili, na wembe ni kitu ambacho hakuna mkusanyaji angekiokota. Kilichosalia ni neno moja, ambalo wasichana hao waliitwa kwalo: Ngaitana, yaani “nitajitahiri”. Humo mna nafsi ya kwanza na wakati ujao, mna -i- inayomrudia mtendaji kama -ji- yetu, na mna shina -tan-. Sarufi ya neno hili ni kinyume kabisa cha sarufi ya kibao: hapa msemaji yupo, tena anasema juu ya mwili wake.

Miaka 40 baadaye shina lile lile lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1996, huko Gatunga, Tharaka, familia zipatazo 30 ziliwaingiza binti zao katika utu uzima bila kuwakata. Waliwekwa ndani, wakafundishwa, kisha wakatolewa kwa nyimbo na shangwe. Jambo hilo liliitwa Ntanira na Mugambo, yaani kutahiri kwa sauti. Katika mugambo msomaji wa Kiswahili atasikia jamaa ya kujigamba. Mila imeshika jina lake na kubadili chombo chake: mahali pa kisu pamewekwa kinywa.

Sasa mwandishi wa kibao atumie neno gani? Akiandika “jando na unyago”, ameleta Meru mila ya watu wengine, ambao unyago wao aghalabu hauna kisu. Akiandika “tohara”, amechukua neno la Kiarabu lenye maana ya usafi. Akiandika “ukeketaji”, jinsi isemavyo lugha ya sheria tangu Kenya ilipotunga sheria ya mwaka 2011 ya kuuharamisha, amehukumu. Na bibi asomaye pamoja na mjukuu wake ataona kwamba ni yeye ahukumiwaye. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haki na isifichwe. Lakini isisimame peke yake. Ngaitana iandikwe pamoja na mwaka wake na hesabu ya walioshtakiwa, Ntanira na Mugambo ifuate, na kando yake pawe na kiti cha bibi huyo, akipenda kusema.

Huenda msomaji akadai kwamba hii ni kazi ya wanahistoria. Sivyo, kuchagua baina ya maneno matatu ni kazi yetu, na idara za lugha zimewaachia maseremala wa makabati.

Katika Embu kazi hiyo ilianza kwa njia nyingine. Mwaka ule ule wa 1974, H. S. K. Mwaniki alichapisha Embu Historical Texts, maneno ya wazee wa Embu na Mbeere jinsi walivyohojiwa. Kitabu hicho hakina kabati wala kioo, nacho humtaja kila msemaji kwa jina. Kaunti ya Embu ikitaka kujenga nyumba ya makumbusho, itakuwa na sauti kabla ya kununua chungu cha kwanza.