Stesheni Isiyo na Mtu: Uhakiki wa Filamu ya Poppoya

Sisi wa Mgeta hatuna reli. Kabichi na karoti zetu hushuka mlimani kwa lori hadi Morogoro mjini, ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1907, enzi za Wajerumani. Kwa hiyo filamu ya Kijapani Poppoya (1999), iliyoongozwa na Yasuo Furuhata, niliitazama kwa jicho la mtu wa kando ya reli, si la abiria.

Kisa chenyewe si kirefu. Otomatsu ni mkuu wa stesheni ndogo ya Horomai, kwenye theluji ya Hokkaido. Makaa ya mawe yamekwisha, watu wamehama, reli inakaribia kufungwa, naye anakaribia kustaafu. Mtoto wake mchanga alikufa yeye akiwa kazini. Mkewe naye akafa yeye akiwa kazini. Mwishoni binti yule marehemu anamtokea, msichana mkubwa sasa, anampikia, wala hamlaumu. Kisha mzee anakutwa kwenye theluji ya stesheni yake, amekufa.

Kimaudhui, wengi watasema dhamira kuu ni uaminifu kazini. Hebu tusiharakishe. Treni iliyorudisha maiti ya mtoto, baba aliipokea kwa bendera kama treni nyingine yoyote. Mkewe akamlaumu, basi, ikaishia hapo. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama. Mtoto akifa namna hiyo, wajomba watauliza, na baba atajibu mbele ya watu. Hapa wajomba wako wapi? Badala yao anafufuliwa marehemu ili atoe msamaha. Jamani, msamaha huo ni wa bei poa mno! Mwenye kudai ndiye kapewa sufuria apike.

Kifani, nakubali, filamu inashika moyo. Ken Takakura anasema machache. Bendera, filimbi na mkono ulionyooshwa vinasema yaliyobaki. Ila uzuri huo ndio unaotufanya tusahau kuuliza.

Halafu kuna kejeli ambayo mwongozaji hakuitunga. Horomai ni stesheni ya kubuni. Picha zilipigwa Ikutora, stesheni halisi ambayo haikuwa na mhudumu hata mmoja! Kimbunga cha mwaka 2016 kikakatisha treni, na Aprili 2024 kipande hicho cha reli kikafutwa rasmi. Yaani filamu imemsifu mlinzi wa mahali ambapo mlinzi alishaondoka.

Sasa tuulizane: ofisa akiondoka, nani mwenye stesheni? Aliyepanda treni ya Kigoma anajua. Ikisimama kituo kidogo usiku wa manane, wanaoamka ni akina mama na vijana wenye mahindi, miwa na kuku. Hawana kofia wala filimbi, lakini kituo ni wao. Furuhata hakuwaona watu wa namna hii. Kwake stesheni ni mtu mmoja na wajibu wake.

Wala tusiwacheke Wajapani. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Morogoro, na vijiji vingi inavipita tu. Hadithi ya yule mama mwenye beseni la mahindi, anayeisikia ikipita, nani kati yetu ameiandika? Anayeona nimemwonea Otomatsu, ajibu katika toleo lijalo.