Deni la Serikali, Mali ya Kampuni: Hukumu ya Gécamines Katika Mizani ya Fikihi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mlango wa kumhukumu asiyekuwepo, pamoja na ule wa kadhi kumwandikia kadhi mwenziwe, husomwa haraka haraka katika darsa zetu. Mwanafunzi huuona kuwa ni habari ya zama za ngamia na barua za muhuri. Lakini ndugu msomaji, kesi kubwa za mataifa na makampuni yao leo zinazunguka ndani ya mlango huo huo. Tutaipima hukumu moja iliyotolewa London mwaka 2012 kuhusu mali ya Kongo, tuone imepatia wapi na imepungukiwa wapi.

Kisa chenyewe

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Energoinvest ya Sarajevo ilijenga njia za umeme wa msongo mkubwa nchini Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Deni halikulipwa. Mwaka 2003 waamuzi wa Chama cha Biashara cha Kimataifa waliipa kampuni hiyo tuzo mbili zenye jumla ya zaidi ya dola milioni 30, mbali na riba. Mwaka 2004 Energoinvest iliiuza haki yake kwa FG Hemisphere, mfuko wa Marekani unaonunua madeni. Riba ikaendelea kupanda hadi dai likafika takriban dola milioni 100.

Mdai mpya akazunguka dunia akitafuta mali ya mdaiwa. Katika kisiwa cha Jersey aliikuta kampuni iitwayo GTL, iliyokuwa ikisafisha lundo la mabaki ya kuyeyushia shaba lililoko Lubumbashi. Gécamines, shirika la madini la serikali ya Kongo, lilikuwa na hisa asilimia 20 humo, na lilikuwa likilipwa kwa mabaki hayo. FG ikaomba vyote viwili vikamatwe, kwa hoja kwamba Gécamines na serikali ni kitu kimoja. Mahakama ya Jersey ilikubali mwaka 2010, na mahakama ya rufaa ya kisiwani ikaunga mkono mwaka 2011. Tarehe 17 Julai 2012 Privy Council, baraza la London ambalo ndilo mahakama ya mwisho kwa Jersey, ilitengua yote. Lord Mance alieleza kwamba shirika lililoundwa kwa ajili ya biashara, lenye uongozi na bajeti yake, huchukuliwa kuwa ni nafsi mbali na serikali. Dhana hiyo haiondoki ila mambo ya wawili hao yawe yamechanganyika kupita kiasi, hata isiwezekane kuwatenganisha.

Imamu Nawawi aliyatangulia

Tufungue Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, kitabu kinachosomeshwa mwambao mzima wa Afrika Mashariki. Anaeleza kwamba haki ikithibiti juu ya mtu asiyekuwepo, naye ana mali mahali pale, kadhi humlipa mdai kutokana na mali hiyo. Kama hana mali pale, mdai akiomba, kadhi humwandikia kadhi wa mji wa mdaiwa. Hii ndiyo njia ile ile ya mdai wa leo: hutafuta mali ilipo, na hukumu humfuata huko.

Kisha anakuja kwenye nukta yetu. Aliyeitwa mbele ya kadhi wa pili akikana kwamba yeye ndiye aliyetajwa katika barua, husadikiwa kwa kiapo chake, na mdai hutakiwa kuleta ushahidi kwamba jina na nasaba iliyoandikwa ni ya huyu. Gécamines mbele ya London haikusema zaidi ya hilo: aliyeandikwa ni serikali, si mimi.

Basi je, kampuni ina dhimma yake? Mwanachuoni wa Syria, Mustafa al-Zarqa, alionyesha kwamba fikihi iliijua maana hii kabla ya jina lake la kisasa. Wakfu hudai na kudaiwa, na deni lake si deni la msimamizi wake. Baitul-mali nayo si mfuko wa mtawala. Zaidi ya hayo, Gécamines ilikuwa na wadai wake yenyewe na wafanyakazi wanaongoja mishahara. Kuichukua mali yake kulipa deni la serikali ni kumlipa mdai mmoja kwa haki ya wengine, na Qur'ani imekwisha kutufundisha kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Katika asili yake, kwa hiyo, hukumu ya London imesimama pazuri.

Makosa ya walioshangilia

Wako walioipokea hukumu hii kama huruma kwa maskini. Hapo pana makosa mawili.

La kwanza, mahakama haikuhukumu juu ya uhalali wa biashara ya wanunuzi hao wa madeni, wanaofananishwa na tumbusi. Fikihi ingeanzia hapo. Kumuuzia deni asiyekuwa mdaiwa ni batili katika kauli yenye nguvu ndani ya Minhaj. Katika Rawdha Imamu Nawawi aliipa nguvu kauli ya kujuzu, lakini hata huko fedha kwa fedha ya jinsi moja haiuzwi kwa pungufu wala kwa kuchelewa. Majma' ya Fikihi ya Kiislamu katika kikao cha Bahrain mwaka 1998 ilikataza kumuuzia mtu mwingine deni lenye muda kwa fedha taslimu. Ama nafuu kwa nchi maskini, ililetwa na watunga sheria: Uingereza mwaka 2010 na Jersey mwaka 2013.

La pili, deni la asili halikufutika. Nyaya zilivutwa, na mjenzi hakulipwa. Tajiri anayechelewesha kulipa anadhulumu, na aliye katika dhiki hupewa muda, haambiwi asilipe. Muislamu hafurahii kupotea kwa haki ya fundi wa Sarajevo kwa sababu tu aliyekuja kuidai baadaye ni mtu mbaya.

Pale hukumu ilipopungua

Upungufu wa hukumu yenyewe uko katika ushahidi. FG ilitaja mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, ambapo migodi ya Gécamines iliingizwa katika ubia na makampuni ya China, na nchi ikaahidiwa kujengewa miundombinu. Mahakama iliona hilo halitoshi. Ni kweli mzigo wa ushahidi ni wa mdai. Lakini mdai wa ng'ambo ataonaje daftari lililofungwa Lubumbashi? Nawawi hakumwachia mkanaji aende bila kiapo. Kiapo cha kampuni leo ni hesabu zake kuwekwa wazi na kukaguliwa, na sharti hilo lingepaswa kuwa zito kuliko lilivyofanywa.

Kwamba ushahidi ukipatikana hukumu hugeuka, tazama Marekani. Huko nako asili ni kutenganisha, tangu hukumu ya Bancec ya mwaka 1983. Lakini katika kesi ya Crystallex, mahakama ya Delaware mwaka 2018 na ya rufaa mwaka 2019 ziliona kwamba Venezuela iliiendesha PDVSA, kampuni yake ya mafuta, kama mkono wake tu. Mali ya kampuni ikafuatwa kwa deni la nchi.

Nasi Afrika Mashariki tumeonja. Agosti 2019 ndege ya Air Tanzania ilizuiwa Johannesburg kwa deni la serikali lililotokana na shamba lililotaifishwa, ikaachiwa Septemba. Ubavuni liliandikwa jina la kampuni, lakini ndege ilikuwa mali ya serikali, kampuni iliikodi. Swali la ni mali ya nani halijibiwi kwa rangi iliyopakwa.

Enyi maimamu na wasimamizi wa wakfu, swali hili liko milangoni kwetu pia. Pale ambapo pango la nyumba ya wakfu linaingia mfuko mmoja na michango ya jumuiya, na deni la madrasa linalipwa kwa mali ya msikiti, siku kadhi akiuliza dhimma ni ya nani tutajibu nini? Anayetaka heshima ya dhimma mbili na aweke daftari mbili.

Wallahu a'lam.