Anzia Chini: Namna ya Kulipima Gari la Njia Mbaya, Nachingwea na Ruangwa

Ukitaka kujua kama aliyelijenga gari la njia mbaya alijua anachofanya, usianze na taa za juu ya keria wala ngao ya mbele. Tandika gunia, ulale chini, uangalie chesisi, difu, springi na matairi. Fedha zinatakiwa kutangulia huko. Za juu zifuate, zikibaki.

Nachingwea na Ruangwa ni nchi isiyosamehe mpangilio mbovu. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mwanzo wake hugongana na msimu wa korosho, wakati magari yanabeba magunia kutoka vijijini kwenda maghalani. Kiangazi barabara za udongo huota mikunjo kama ya bati, inayolegeza kila nati. Masika udongo mwekundu unateleza, na mabondeni udongo mweusi wa mbuga unanata kwenye matairi hadi yanazunguka bure.

Eneo hili pia lina somo la zamani kuhusu mitambo. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuenea hadi Urambo na Nachingwea, ulitegemea matrekta yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, na mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Nguvu ilinunuliwa kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Anayeanza na injini kabla ya kuisoma ardhi anarudia kosa lilelile.

Kwanza, uzima

Hakuna kifaa cha kuongeza kinachofidia bushi zilizokufa. Kabla ya kununua chochote kipya, rudisha gari katika hali iliyotoka nayo kiwandani: beringi za magurudumu, viungo vya stelingi, krosi za propela, rejeta, mipira ya maji, sili za oili. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo, ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa haujabadilishwa.

Chesisi igonge kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Chunguza zaidi pale springi zinaposhikwa na pale boksi la stelingi linapofungwa, kwa kuwa nyufa hupenda kuanzia hapo. Uchomeleaji mzuri una mstari uliokaa sawa na umeingia ndani ya chuma. Ukiona rangi mpya nzito sehemu moja tu, uliza kilichofichwa.

Pili, matairi

Shilingi ya kwanza ya maboresho iende hapa. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata ndefu huku mpira umeshakauka. Likunje kidogo kwa mkono ubavuni. Ukiona nyufa nyembamba, liache.

Upana una maana yake. Tairi jembamba kama 7.50R16, ambalo Land Cruiser nyingi huvaa, hukata tope la juu na kutafuta ardhi ngumu chini, na hilo ndilo linalohitajika kwenye utelezi wa udongo mwekundu. Tairi pana husaidia zaidi kwenye mchanga mkavu wa mitoni. Anayepita Nachingwea hadi Liwale masika asichague upana kwa sababu ya sura.

Pamoja na matairi nunua kipimo cha upepo na pampu. Anayetembea na upepo wa psi 35 kwenye lami anaweza kushuka hadi 25 hivi kwenye mikunjo, na 18 au 20 akizama mchangani, kwa mwendo mdogo na bila mzigo mzito, kisha ajaze tena. Hakuna kifaa kinacholeta faida kubwa hivi kwa bei ndogo hivi.

Tatu, springi, shokapu na breki

Wengi huinua gari wakidhani wameiinua difu. Springi huinua bodi na chesisi tu; difu inabaki palepale, na ndiyo inayokwaruza kisiki. Kinachoiinua ni tairi, tena kwa nusu tu: tairi lililoongezeka kipenyo kwa sentimita 5 huipandisha difu sentimita 2.5.

Kwa hiyo springi zichaguliwe kwa mzigo. Gari la kubeba magunia likifungwa springi laini litakaa kitako. Gari tupu likifungwa springi za mzigo litarukaruka kwenye mikunjo na kupoteza mshiko. Gari likiinuliwa, angalia mipira ya breki: ukining'iniza gurudumu, mpira uliovutika hadi kunyooka ni hatari ya wazi. Na kila uzito unaoongeza, uanze na kujiuliza kama breki zinauweza.

Nne, maji na vumbi

Difu iliyopata joto barabarani ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyomo hunywea. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, maji huvutwa ndani kupitia sili. Dawa yake ni mpira mwembamba unaounganishwa na kipumulio na kupandishwa hadi karibu na injini. Ukikagua gari la mtu, fungua nati ya difu: oili iliyogeuka nyeupe imeshaingia maji.

Mkonga, yaani bomba linalopandisha juu mdomo wa hewa ya injini, nao una jaribio lake. Injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao. Uliofungwa sawasawa utaikaba injini hadi izimike. Ikiendelea kunguruma, inavuta hewa mahali pengine, kwenye kiungio kilicholegea au kwenye boksi la kichujio, na mtoni maji yatapita hapohapo. Mkonga mzuri una faida hata kiangazi, kwa kuwa huvuta hewa ya juu yenye vumbi pungufu.

Tano, kujinasua, kisha mengine

Hoki za kuvutia zifungwe kwenye chesisi kwa bolti ngumu, mbele na nyuma. Pete ya kufungia gari melini siyo ya kulivutia topeni. Ongeza kamba imara, pingu za chuma, koleo, jeki na ubao wa kuikalisha jeki kwenye tope. Baada ya hapo ndipo ifikiriwe loki ya difu ya nyuma, kisha winchi. Keria ibaki nyepesi: uzito wa juu hulipindua gari lililoinama ubavu. Turbo kwenye injini isiyoundwa nayo huongeza joto na kuchosha klachi na giaboksi, hivyo iwe ya mwisho, au isiwepo kabisa.

Fundi mzuri utamjua kwa maswali yake. Kabla ya kutaja bei atakuuliza unapita wapi, miezi gani, na unabeba kilo ngapi. Anayeanza kwa kukuonyesha ngao na taa, mshukuru na uondoke. Na kama mwaka huu una fedha ya jambo moja tu, chukua matairi mazuri, kipimo na pampu. Gari hilo litafika Ruangwa masika, na lile lenye winchi juu ya vipara litakuwa linasubiri trekta.