Jogoo wa Kaskazini: Mahadhi ya Nani?

Sisi tunaojifunza kuandika tuna ugonjwa mmoja: tukishapata kisa kitamu hatutaki mtu atuharibie kwa kutuletea ukweli. Na mimi nimo. Ndiyo maana nimeamua kuchambua mahadhi mafupi ya Kiskoti yanayoitwa Cock o' the North, yaani Jogoo wa Kaskazini, maana ugonjwa huo umeyaandama zaidi ya miaka mia moja sasa.

Kisa kinasimuliwa hivi. Ni tarehe 20 Oktoba 1897, kwenye milima ya Dargai, mpakani mwa India ya Mwingereza na Afghanistan. Leo ni Pakistan. Waafridi wamejipanga juu kwenye majabali na bunduki zao. Vikosi vingine vimejaribu kupanda, vimerudishwa kwa risasi. Wanaitwa Gordon Highlanders, askari wa Kiskoti wenye sketi za mirabaraba, pamoja na wapiga zumari wao. Mmoja wa wapigaji, George Findlater, anapigwa risasi miguuni. Anaanguka, anajiegemeza kwenye jiwe, anaendelea kupuliza wakati wenzake wanapanda. Magazeti ya Uingereza yakatangaza: shujaa alipiga Jogoo wa Kaskazini! Mwaka 1898 Malkia Victoria mwenyewe akamvisha nishani ya Victoria Cross.

Kisa bomba, sivyo? Tatizo ni kwamba Findlater mwenyewe alisema hakupiga Jogoo. Alisema alipiga The Haughs of Cromdale, kwa kuona ndiyo yanayofaa mwendo wa askari wanaoshambulia.

Sasa wewe kaa kidogo ufikirie. Mtu aliyekuwa na zumari mdomoni anasema nilipiga hiki, na watu waliokuwa London wakinywa chai wanasema hapana, ulipiga kile. Na wao ndio walioshinda. Kila ukitajwa mlima ule, Jogoo anawika.

Kwa nini Jogoo? Nadhani jibu limo kwenye jina. "Jogoo wa Kaskazini" lilikuwa jina la utani la wakuu wa ukoo wa Gordon, na Duke wa nne wa Gordon ndiye aliyeunda kikosi hicho mwaka 1794. Kikosi cha Gordon, mahadhi ya Gordon, ushindi wa Gordon: kichwa cha habari kimejiandika chenyewe. Halafu angalia yale mengine. Cromdale ni mahali ambapo Waskoti wa milimani, wafuasi wa mfalme aliyepinduliwa, walichapwa mwaka 1690. Mhariri gani atapenda kupamba ushindi wa Malkia kwa kumbukumbu ya kipigo? Mimi ningekuwa mhariri siku ile, nasema kweli, huenda ningefanya vilevile. Hapo ndipo panaponitia aibu.

Lakini hata huyo Jogoo, ukimchunguza manyoya, si wa Gordon tangu mwanzo. Waingereza walikuwa na mahadhi hayohayo kabla kikosi hakijazaliwa, na jina lake halikuwa la kishujaa hata kidogo: yalihusu msichana Joan ambaye sketi yake imechanika pale penye mpasuko. Utani wa vilabuni, basi. Samuel Pepys, yule mwandishi maarufu wa shajara, aliyataja kwa jina hilo Juni 1667. Waholanzi walikuwa wameingia mto Medway na kuiteka meli kubwa ya Waingereza, Royal Charles. Bendera ikashushwa, na mpiga tarumbeta akapanda juu ya meli akapiga wimbo wa sketi ya Joan. Mahadhi ambayo baadaye yangekuwa fahari ya jeshi la Uingereza yalipigwa siku ile kuizomea Uingereza. Ningekuwa mtunzi wa riwaya nisingethubutu kubuni hilo, mngesema nimezidisha.

Yamewezaje kuhama hivyo, kutoka matusi mepesi hadi vita? Sikiliza mapigo yake. Ni jigi, sita kwa nane: MOJA-mbili-tatu, NNE-tano-sita. Pigo kubwa ni mbili tu, kushoto kulia, kwa hiyo askari anatembea nayo bila taabu. Ndani ya kila pigo mna tatu ndogo zinazorukaruka, kwa hiyo mcheza dansi naye anapata chake. Halafu ikaingia zumari ya Kiskoti, ile ya mfuko wa kwapani. Ina noti tisa tu, na sauti yake haikatiki. Huwezi kunyamaza katikati, wala kupiga polepole hapa na kwa nguvu pale. Ukitaka kurudia noti ileile lazima uzikate kwa vinoti vya haraka haraka, kama kugonga mlango. Vinoti hivyo ndivyo vinavyoyapa mahadhi makali yake. Kwa masikio yangu, utani wa Joan haukufutwa. Umevalishwa magwanda tu. Watoto wa Uingereza wanalijua hilo kuliko majenerali, maana wao wameyatumia kuimbia mashairi ya kipuuzi kuhusu shangazi Mary na ndege wake, mengine hayafai kuandikwa hapa.

Findlater naye alirudi nyumbani na miguu mibovu, akaanza kupiga zumari kwenye kumbi za burudani ili apate hela. Wakubwa wakachukia, jambo likafika hadi Bungeni: eti anaivunjia nishani heshima. Magazeti yalikuwa yameshauza hadithi yake, hilo halikumkera mtu. Mwenye hadithi alipoiuza mwenyewe, ikawa noma. Alikwenda kulima huko Aberdeenshire, akarudi jeshini 1914, akafa 1942. Kikosi chake nacho kiliunganishwa na kingine mwaka 1994.

Na Waafridi? Nimesoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara wao ni moshi wa bunduki tu. Tumebishana zaidi ya karne nzima Mskoti mmoja alipiga mahadhi gani chini ya jiwe. Ngoma iliyolia upande wa pili wa mlima, kama ilikuwepo, hakuna mhariri aliyeuliza jina lake. Nikiyasikia mahadhi haya siku hizi mguu wangu unacheza wenyewe, siwezi kuuzuia, na bado nasikia pengo hilo.